Wenyeji Sita

Shughuli yote ile ilitugharimu vifaranga kumi na tisa, ndala moja ya mguu wa kushoto, ndoo za utumbo ambazo sikuzihesabu kwa kuwa zilikuwa za bure, na kunguru mmoja. Nimehesabu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama nifanyavyo ninapopokea mzigo sokoni, na bado huyo wa mwisho ndiye mzito kuliko vyote vilivyomtangulia.

Yamenirudia juzi nikisugua sufuria lililopikiwa maharage kwa kuni. Masizi yakilowa yana harufu yake, kama moshi uliolala ndani ya nguo ya mtu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikausha mate.

Nililelewa Mbagala na Bibi, mzaa mama, katika nyumba ya vyumba vitatu ukingoni mwa bonde. Mama alifanya kazi mbali, akija mwisho wa mwezi. Kilichotulisha kati ya mwezi na mwezi kilikuwa kuku wa kienyeji. Bibi hakuwa na kuku wengi, alikuwa na kuku wenye kazi: tetea watano, jogoo mmoja asiye na adabu, na vifaranga ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kupangiwa matumizi kabla hajaota bawa. Huyu sare ya shule, huyu mafuta ya kupikia, yule dawa ya presha. Kwa hiyo kunguru alipochukua kifaranga, kwangu alikuwa amechukua kiatu.

Walikuwa na mbinu. Wanakuja wawili. Mmoja anamvuta tetea mkia. Tetea akigeuka kwa hasira, wa pili anashuka upande wa pili na kuondoka na mtoto wa watu. Wembamba, shingo ya kijivu, macho ya dalali. Mimi nilidhani kunguru ni hao tu, na nilidhani ukimya wa miti yetu ndiyo tabia ya miti. Bibi ndiye aliyeniambia kwamba mnazi wa jirani ulikuwaga umejaa viota vya minana, wale ndege wa manjano wanaofuma, mpaka makuti yanainama, na asubuhi mtu hakuhitaji saa.

"Wakaliwa wote?" nilimuuliza.

"Wameliwa mayai. Ukila mayai ya watu mwaka hadi mwaka, huna haja ya kuwala wenyewe."

Ilibaki jozi moja tu ya kunguru wa zamani, wakubwa, weusi wenye kifua na shingo nyeupe pe. Bibi aliwaita wenye vizibao, kwa kuwa weupe ule uliwakaa kama kizibao cha bwana harusi. Hao nao waliiba, Bibi hakuwasingizia wema, lakini waliiba kwa nadra na kwa staha. Mmoja wao akitua juu ya bati akalia, Bibi aliacha alichoshika na kusema, "Kama ni mgeni, na aje na heri." Wa kijivu wakilia hakuwajibu. "Hao hawana habari ya mtu," alisema. "Wenyewe ndio wageni."

Bwana Maganga alikuja asubuhi moja na begi, darubini na kigoda chake mwenyewe. Alikuwa mtu wa mradi wa kupunguza kunguru wa kijivu, mwembamba, amevaa kofia iliyokwisha pauka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Nahesabu ndege."

Bibi akamtazama kuanzia viatu. "Kwenu wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi. Ndiyo maana. Mizigo ya kubeba imekwisha, sasa mnahesabu ndege."

"Nyie Wazaramo mngejua kuhesabu," akajibu yule bwana akiweka kigoda chini bila kukaribishwa, "msingeuza mji mzima mkaila hela yote kwenye ngoma."

Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu Bibi hivyo akaondoka na meno yake. Nilisubiri mwiko uruke. Badala yake Bibi akammiminia chai katika kikombe kilichovunjika mkono, akasema ndicho cha saizi yake. Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, na hakuna aliyenifafanulia, kwa sababu mambo kama hayo kwetu hayafundishwi. Mtoto anaachwa ayaokote mwenyewe. Mimi niliokota kwamba wale wawili ni maadui.

Hata hivyo nilimpenda kwa kuhesabu kwake. Jioni kunguru walipita juu ya bonde wakienda kulala, naye alikaa akihesabu kila mmoja kwa muda wa saa nzima. Nilisimama nyuma yake nikihesabu kimya kimya.

"Wangapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mia mbili na kumi na moja."

"Mimi nina mia mbili na tisa."

"Wawili walipita nyuma ya mnara wa simu, wewe ulipokuwa unakohoa."

Alifuta yake, akaandika yangu. Toka hapo hakuniita jina tena, aliniita Karani. Akanionyesha ukurasa wa ndege wengine: hua wanne, shorewanda wawili, chozi mmoja, wenye vizibao wawili, minana sifuri. Ile sifuri aliichora taratibu kuliko namba zote.

"Mbona unaandika kitu ambacho hakipo?"

"Ili siku kikirudi, tujue kimerudi."

Mwezi uliofuata akaleta mtego. Ulikuwa banda la mbao na waya, kubwa kama chumba cha kupanga, na juu kabisa lilikuwa na nafasi kama ngazi iliyolazwa. Kunguru huingia kwa kufunga mabawa na kujiangusha. Akitaka kutoka lazima ayafungue, na yakifunguka hapiti. Lakini kunguru si mjinga wa kuingia nyumba tupu. Kwa hiyo ndani walikaa kunguru sita wa kijivu muda wote, wakila utumbo tuliopewa na mwenye bucha, ili wa juu waone wenzao wanafaidi. Hao sita Bwana Maganga aliwaita wenyeji, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kukaribisha. Waliozidi sita aliwachukua yeye, nyuma ya pazia la gunia, haraka, bila maneno.

Kazi yangu ilikuwa maji, utumbo na daftari. Walioingia, waliotolewa, waliobaki. Na sharti moja alilolirudia mara tatu, mara ya tatu akiwa amechuchumaa usawa wa macho yangu: akiingia mwenye kizibao, mlango unafunguliwa saa ile ile, anatoka, anaandikwa. "Hawa wa kijivu waliletwa zamani Unguja kula taka," alisema. "Walipewa kazi, wakaona afadhali wachukue nyumba. Yule mwenye kizibao ndiye mwenye nyumba. Tukimkamata yeye, tumefanya kazi ya nani?"

Basi mambo yakanyooka. Mwezi wa kwanza kifaranga mmoja tu alichukuliwa, wa kumi na tisa toka nianze kuhesabu. Mwezi wa pili hakuna. Jioni wakashuka hadi mia na arobaini, hadi tisini na tatu, na asubuhi moja nikamwona ndege wa manjano ameng'ang'ania kuti la mnazi wa jirani, ameshika uzi wa jani mdomoni. Bwana Maganga alipokuja nilimwonyesha. Alifungua ukurasa, akakata ile sifuri, akaandika moja. Alikuwa na furaha nyingine juu ya hiyo: wale wawili wenye vizibao walikuwa wanabeba vijiti kupeleka kilele cha mnazi huo huo.

"Wakiangua hapa," alimwambia Bibi, "itakuwa mara ya kwanza naiona upande huu wote toka nianze kazi."

"Ukiangua wewe ndiyo nitashangaa," akasema Bibi.

Siku hiyo hiyo alikagua mtego, akakuta chombo cha maji kimebakiwa na tope. Nilikuwa nimesahau. Uso wake ukawa mzito.

"Mwenyeji akifa humu, mtego umekufa. Wenzake wakiona maiti hawashuki tena." Kisha akamgeukia Bibi. "Sikiliza, Mzaramo. Nikija nikakuta watano, naung'oa mtego huu kesho yake nampelekea mtu wa Charambe anayejua kufuga."

"Ung'oe leo. Na meno yako uyabebe humo humo."

"Naapa nitaung'oa."

Bibi akacheka kidogo puani. Mimi niliona kile kicheko kama cha mtu aliyekata tamaa. Usiku huo niliwahesabu vifaranga: ishirini na watatu. Nikawahesabu tena, kwa sauti ya chini, kwa majina ya matumizi yao.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya joto la kupasua. Nilikwenda shule asubuhi, na chuo cha Kurani mchana, na katikati nilipaswa kupita nyumbani kujaza maji. Sikupita. Kulikuwa na mchezo wa rede njiani, ule wa kukwepa mpira, na mimi ndiye niliyekuwa sijatolewa. Niliporudi, mmoja wa wenyeji alikuwa amelala chali, miguu imekunjwa kama mtu anayesubiri kuombewa.

Nikahesabu. Watano wa kijivu. Na wa sita, juu ya boriti ya ndani, mkubwa, kimya, kifua cheupe. Mwenye kizibao alikuwa ameingia.

Bwana Maganga alikuwa anakuja saa kumi. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe miaka mingi, na sijawahi kushinda kesi. Nilijua sharti. Mlango ulikuwa na komeo moja tu, kazi ya kidole. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na hesabu nyingine: nikimtoa, wanabaki watano, wakibaki watano, mtego unakwenda Charambe, mtego ukienda, vifaranga ishirini na watatu wanakwenda, na dawa ya presha iko ndani yao. Huyu mwenye kizibao akikaa saa moja tu, hesabu inalala sawa, Bwana Maganga anaondoka, nami namfungulia. Saa moja. Nani hajawahi kukopa saa moja?

Nikachukua sufuria la Bibi jikoni, nikakwangua masizi ya kitako, nikayachanganya na mafuta ya nazi kwenye kiganja. Nikaingia mtegoni. Wale watano wakapanda juu wakipiga kelele, na yeye akashuka chini, na katika kukimbizana nikaacha ndala moja kwenye tope la utumbo, ambayo sikuipata nzima. Nilimbana kwa kanga. Alikuwa mwepesi kuliko ukubwa wake. Moyo wake ulienda mbio chini ya kidole gumba changu, nami nikawa naendelea kupaka, kifua, shingo, nyuma ya shingo, mpaka weupe wote ukawa kijivu kichafu. Hakuning'ata. Afadhali angening'ata.

Yule aliyekufa nikamtumbukiza chooni.

Bwana Maganga alifika saa kumi kamili. Akasimama mlangoni pa mtego, jua likiwa usoni mwake, akanyoosha kidole akihesabu kwa midomo. Nilihesabu pamoja naye. Nne. Tano. Kidole kikasimama.

"Sita," akasema. "Vizuri, Karani." Akaandika.

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Akachukua kigoda, akakiweka hatua nne kutoka mtegoni, akaupa mgongo, akaelekeza darubini kwenye mnazi. "Leo nataka niwaone wawili kwa pamoja wakirudi kiotani," alimwambia Bibi. "Nikiwaona, naandika: wanataga."

"Kaa. Ila ujue nimepika cha watu wawili."

"Basi mimi na mjukuu tumeshiba. Wewe utakula nini?"

Saa kumi na moja akaja mmoja, na kijiti mdomoni. Akakiweka. Akasimama juu ya kuti akalia, kwa ile sauti yao nene, akanyamaza kama anayesubiri kujibiwa. Akalia tena.

"Mmoja," Bwana Maganga akasema. "Mwenzake yuko wapi?"

Nyuma yake, ndani ya mtego, kelele zilianza. Wale watano walikuwa wamemzoea mgeni vya kutosha kujua ni nani. Nilisikia mabawa yakigonga waya.

"Wanagombana nini hao?" akauliza bila kugeuka.

"Utumbo," nikasema.

Bibi akaleta ubwabwa na samaki, sinia moja, tukala pale pale uani. Walikuwa wakitukanana kama kawaida. Bibi alimwambia anakula kama aliyetembea kwa miguu kutoka Tabora. Naye akajibu kwamba amejifunza kula kwa kuwaogopa Wazaramo wasimwahi. Kila mabawa yalipogonga, nilirudisha tonge kwenye sinia. Halafu Bwana Maganga akafungua begi, akatoa doti ya kanga, mpya, ina gundi bado.

"Nimeambiwa unaumwa presha," alisema. "Ukifa nani atanitukana?"

"Nikifa utakuja kuzikwa badala yangu, ndiyo kazi ya mtani," Bibi akajibu, akaipokea kanga kwa mikono miwili na kuipitisha shavuni. Akaniona namkodolea macho. "We, una nini? Huyu mtani wetu. Mnyamwezi na Mzaramo toka enzi za babu zetu wanatukanana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ulidhani tunagombana?"

"Alisema ataung'oa mtego," nikasema.

Wote wawili wakacheka mpaka Bwana Maganga akaweka tonge chini. "Karani, mtego wa serikali wangu mimi? Mwenyeji akifa naleta mwingine. Nina thelathini nyumbani."

Thelathini. Nilikaa na ile namba mdomoni. Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi mbele yangu kama mlango, na yeye alikuwa anacheka bado, mkono wa Bibi uko juu ya kanga. Lakini sasa nilikuwa sina hata kisingizio. Nilikuwa nimefanya lile jambo kwa ajili ya mzaha. Nikaenda kunawa.

Alingoja mpaka giza lilipoanza kuyala makuti. Yule wa juu ya mnazi alikuwa amekwisha kunyamaza. "Labda kesho," Bwana Maganga akasema, akakunja kigoda.

Nilipofungua mtego, mwenye kizibao alikuwa pembeni, kichwa amekificha ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Walianzia machoni. Alikuwa bado wa moto. Pale walipomdonoa masizi yalikuwa yametoka, na weupe ukaonekana katika vipande. Nikamzika kwenye lundo la majivu, nikafungua daftari, na mbele ya "walioingia" sikuandika kitu.

Mwenzake alilia siku tatu kwenye ule mnazi. Siku ya nne Bibi alisimama uani, akasikiliza, akasema, "Mbona huyu ananiitia mgeni na mgeni haji?" Siku ya tano hakuwepo. Bwana Maganga alikuja akakaa na darubini jioni mbili mfululizo, akaandika sifuri, taratibu, kama anavyoziandika.

Bibi ametangulia. Bwana Maganga alikuja msibani, akalala mbele ya jeneza akisema halitoki mpaka alipwe matusi anayodai, na watu wakacheka wakilia, kama inavyotakiwa. Mimi nilicheka pia. Sikusema.

Sasa amestaafu, anaishi Tabata, na kunguru wa kijivu wamejaa upya. Mwenye macho anaona. Vijana fulani wanataka kurudisha mitego, wamemwomba madaftari yake, atawakabidhi Jumamosi. Alinipigia kunialika. Alisema lipo somo moja analotaka walishike kuliko yote: mtego usiwekwe karibu na kiota cha wenye vizibao, hata kama unawaachia, kwa kuwa wanahama. Amelifuata somo hilo miaka yote. Popote alipowaona wanajenga, aliondoa mtego.

"Popote?" nikamuuliza.

"Popote. Sehemu tano, sita hivi."

"Na wakaangua?"

"Wa kijivu waliwala mayai. Lakini afadhali hivyo kuliko kuwafukuza sisi. Ushahidi wangu ni ule wa kwenu tu, ni mmoja, nakubali. Ila ulishikwa na karani asiyekosea."

Nimehesabu siku: Jumamosi ni ya nne kutoka leo. Mzee ana moyo mbovu, na kanuni ile ndiyo anayojivunia. Nikinyamaza, vijana wataondoa mitego pale pale inapohitajika zaidi. Kwa upande wa Bibi mimi ni mtani wake, naweza kumwambia lolote na yeye haruhusiwi kukasirika. Lakini sijui kama ruhusa hiyo inafika hapa, au kama kumwambia kwa kicheko kungekuwa kumpaka masizi na yeye. Nyie wa rika langu, mliolelewa na bibi kama mimi na mnaojua utani una mpaka wapi: nimwambie peke yake kabla ya Jumamosi, au mbele ya vijana, daftari likiwa wazi? Na sentensi ya kwanza iwe ipi?